Aliyegonga Chini ya Meli

Mwezi uliopita niliweka mlango wa chuma. Siku hizi hapa Songea nyumba isiyo na mlango wa chuma inaonekana ni ya mtu aliyekata tamaa, na mimi nastaafu mwakani lakini tamaa sijakata. Fundi wa kuchomelea aliuleta kwa bodaboda ya matairi matatu, akaufunga, kisha akaupaka rangi ya mafuta ya kijivu kwa sababu nyeusi niliyoitaka ilikuwa imemwishia. Nyumba nzima ikanuka rangi. Kesho yake jirani yangu alikuja kuazima ungo, na kwa kuwa mlango wenyewe ni mzito na sauti haipiti vizuri, hakupiga hodi. Aligonga kwa funguo zake. Nilikuwa nachambua mchele. Nilisikia, nikajua kabisa kwamba ni yeye, lakini sikuinuka, nikaendelea kuchambua. Aligonga tena mara mbili tatu, akachoka, akaenda kuazima kwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria babu yangu na meli yake, na nimeona heri niandike kuliko kuendelea kuwaacha majirani nje.

Nyie wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya foleni ya sabuni, tulipofulia majani ya mpapai na kwenda shule na sare iliyokuwa na rangi ya kijani kwa mbali. Mama yangu alikuwa mwalimu Nalasi, mbali huko Tunduru kwenye mikorosho, na aliniacha kwa wazazi wake, Babu Longino na Bibi Tekla, nisome karibu na mji. Nyumba yetu ilikuwa njia ya Namtumbo, wakati huo mji ukiwa bado haujatufikia. Babu alilima tumbaku. Bibi alilima kila kitu kingine. Jina langu ni Gete, lakini kama ilivyo kwa babu na mjukuu, Babu mara nyingi aliniita mke wangu, na Bibi aliniita mke mwenza, hasa alipotaka kunituma maji. "Mke mwenza, leo zamu yako kumwogesha mzee wako," alikuwa akisema, na kunitwisha ndoo.

Jambo moja nilieleze mapema, kwa sababu kwetu halikuwa siri. Bibi Tekla hakuanza na Babu Longino. Aliolewa kwanza na mdogo wa Longino, Kasiani, ambaye alikwenda kwenye ile vita ya pili ya Wazungu akiwa na miezi michache tu ya ndoa, na hakurudi. Mama yangu alizaliwa baba yake akiwa jeshini. Vita ilipokwisha Longino alirudi peke yake, ukoo ukakaa kikao, ukamkabidhi mjane wa mdogo wake kama ilivyokuwa desturi, na padre akawafungisha ndoa. Kwa hiyo aliyenilea alikuwa kaka wa babu yangu wa damu, ingawa sikuwahi kuona tofauti yoyote, na Mama alimwita Baba mpaka mwisho.

Babu Kasiani alikuwa na kaburi lake nyuma ya shamba la mihogo, pamoja na makaburi mengine ya ukoo. Ndani hakukuwa na mtu. Walizika mkeka wake na mpini wa jembe lake, wakaanua matanga, wakamruhusu Bibi kuendelea na maisha. Nilipokuwa mdogo sana niliona ni jambo zuri, kwa sababu kaburi lisilo na mtu halitishi.

Bibi alikuwa na sheria zake za mlango. Mlango wetu ulikuwa wa mbao, nao ulifungwa kwa komeo hata mchana, kwa ajili ya mbuzi wa majirani. Mgeni alipaswa kupiga hodi na kujitaja. Wa humu ndani hakupiga hodi, aligonga tu, na alifunguliwa bila kuulizwa. "Ukisikia hodi, uliza nani," Bibi alinifundisha. "Ukisikia kugonga, fungua upesi. Huyo ni wetu, pengine ana mzigo kichwani." Sote tuliifuata sheria hiyo isipokuwa Babu. Yeye alikuwa akitoka shambani anasimama nje ya nyumba yake mwenyewe, anaita hodi, na anangoja mpaka Bibi aseme karibu. Waliopita njiani walimcheka. Mimi niliamini ni adabu ya kijeshi, nikajisifu nayo shuleni.

Habari za meli nilizipata kwenye bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku. Msimu wa kukausha, nikitoka shule, nilikaa na Babu tukifunga majani kwenye fito, naye akipanda kuzitundika juu huku magogo yakifuka moshi chini. Moshi ulitutoa machozi, nguo zetu zikanuka mwaka mzima. Mlango wa bani ulitakiwa kufungwa vizuri mara fito zikishatundikwa, la sivyo moshi unatoka na majani yanaharibika. Babu hakuufunga mwenyewe hata siku moja. Kila jioni alisimama pembeni, akaangalia milima ya Matogoro, akasema, "Fungia wewe, mke wangu." Nilidhani ananipa heshima, na niliubamiza kwa nguvu zangu zote.

"Ilikuwa nyeupe," alinihadithia. "Nyeupe pee, Gete, toka pua mpaka mkia. Wazungu matajiri walikuwa wanapanda tu kutembea, hawana shida yoyote, wanakula, wanacheza dansi, wanalala."

"Wewe uliiona ikiwa nyeupe?"

"Sikuiona. Mimi niliikuta imeshapakwa kijivu. Aliyeiona ni Mzee Feruzi."

Mzee Feruzi alikuwa mtu wa Mombasa aliyehudumia mezani kwenye meli hiyo tangu ikiwa ya starehe, na serikali ilipoichukua kubebea askari, ilimchukua naye pamoja na sahani. Ndiye aliyewatembeza akina Babu siku za mwanzo, katika safari ya kwanza, walipopelekwa upande wa Habeshi, Ethiopia ya leo. Aliwaonyesha ukumbi wa dansi. Sakafu ilikuwa ya mbao iliyong'arishwa mpaka mtu aone meno yake, na juu yake sasa mabuti mia tatu yalikuwa yakitembea na misumari yake. Ukutani kulikuwa na alama za mraba pale vioo vilipong'olewa. Piano ilikuwa imepigiliwa mbao pande zote ili isiibwe, kana kwamba kuna askari angeweza kuificha kwenye mkoba. Madirisha yote yalipakwa rangi nyeusi, adui asione taa. Feruzi alipita akigusa kuta na kusema hapa alikaa fulani, hapa palikuwa na maua. Babu alisema wenzake walimcheka yule mzee, lakini yeye aliona anatembea kama mtu aliyefiwa na bado hajaruhusiwa kulia.

Halafu lilikuwepo bwawa. Ndani ya meli, alisema Babu, kulikuwa na bwawa la kuogelea lenye vigae vya buluu na picha za samaki. Walilikausha maji, wakaweka humo vitanda vya turubai, na Babu na wenzake thelathini na tisa wakalala ndani ya bwawa, katikati ya bahari, wakiwa wakavu. Hadithi hii ndiyo iliyomharibia jina. Alipoisimulia kwenye kilabu cha pombe ya komoni watu walianguka kwa kicheko, na kuanzia hapo aliitwa Mzee Bwawa. Hata watoto wa darasa langu walinitania kwamba babu yangu ni chura. Mimi nilimwamini kwa sababu sikuwa na cha kulinganisha. Sikuwa nimeona bahari wala meli. Kitu kikubwa kuliko vyote nilichokijua kilikuwa kanisa la misheni, basi nikalichukua kanisa, nikalilaza juu ya maji, nikaweka milango na madirisha yake, na humo nikawatia askari wote.

Baada ya safari ile ya kwanza Babu alipewa likizo, akaja nyumbani na buti na blanketi mbili. Alimsimulia Kasiani habari za sakafu na samaki wa vigae. Kasiani alikuwa kijana wa miaka ishirini, mke mpya, jembe mkononi. Alisikiliza siku tatu, siku ya nne akaenda bomani kujiandikisha. Hilo Bibi alilijua. Aliniambia mwenyewe wakati tukipukuchua mahindi, bila hasira, kwamba Kasiani alipelekwa vitani na maneno matamu ya kaka yake. "Nilimchukia Longino miaka miwili," alisema. "Halafu nikachoka. Alikuwa anajivunia tu, hakujua." Nayasema haya ili ieleweke kwamba Bibi alikuwa ameshamsamehe mara moja, na ulikuwa msamaha uliomgharimu.

Safari ya pili, ya kwenda Bama kupigana na Wajapani, iliwakuta kwenye meli ileile, lakini haikuwa ileile. Miaka ya kubeba watu kwa maelfu ilikuwa imeimaliza. Vigae vilikuwa vimepasuka, samaki hawana vichwa. Kutu ilikuwa imetoboa ngazi. Kijivu kilipakwa juu ya kijivu mara nyingi mpaka vichwa vya skrubu havionekani, na kule chini, kwenye joto, harufu ya rangi na jasho na matapishi ilimfanya mtu asitamani chakula. Mzee Feruzi alikuwa bado yupo, anagawa uji kwa ndoo. Hakutembeza mtu tena. Babu, ambaye sasa alikuwa koplo, alipangiwa bwawani kama mwanzo. Kasiani alipangiwa chini kabisa, chini ya usawa wa maji. Kila siku alipanda kuja kulala bwawani kidogo, anachapa mikono kama anaogelea, anasema akirudi atamwambia Tekla kwamba amejifunza kuogelea bila kulowa.

Nilimwuliza Babu meli iliishaje. Nilimwuliza msimu wa kwanza akanyamaza, nikamwuliza tena msimu wa pili akasema ilizama, basi. Msimu wa tatu, nikiwa na miaka kumi, mvua ilitufungia ndani ya bani mchana mmoja wa Jumamosi, na bila kuulizwa akaanza kusema. Alisema akiwa amenipa mgongo, anafunga majani.

"Kila koplo alikuwa na kazi yake hatari ikitokea. Yangu ilikuwa mlango. Mlango wa chuma, una gurudumu katikati, unalizungusha linajifunga. Unafungwa ili maji yakiingia huku yasiende kule."

"Mkubwa kama wa bani?"

"Mnene kuliko huo. Tukawa tunafanya mazoezi kila asubuhi. Afande ana filimbi. Watu wanapanda, wanapita, filimbi ikilia nafunga. Nilikuwa mwepesi kuliko wote, Gete. Walinisifu."

Nyambizi ya adui iliwapiga mchana, baada ya chakula, siku ya sita tangu waache Mombasa. Babu alisema alisikia kama mtu ameangusha gunia la mahindi ghorofani, kisha meli ikalala upande. Alikimbilia mlango wake. Watu walikuwa wakipanda kutoka chini, wanabanana, wengine wamelowa tayari. Alisimama akitazama nyuso zao.

"Ulimwona Babu Kasiani?"

"Nilikuwa namtafuta. Sikumwona."

"Halafu?"

"Maji yakafika kwenye ngazi. Filimbi ikalia."

Mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa.

"Nikafunga," alisema Babu.

"Halafu?"

"Kukagongwa."

"Hawakupiga hodi?"

Aligeuka akanitazama, nadhani ili aone kama nafanya mzaha. Sikuwa nafanya mzaha. "Chuma kile, mke wangu," alisema. "Sauti haipiti. Ni kugonga tu."

Akamaliza haraka. Meli ilikaa juu ya maji muda wa kutosha kwa walio juu kushuka kwenye mashua, na afande alimwambia baadaye kwamba bila mlango ule wasingetoka hata nusu. Mzee Feruzi alirudi ndani kuchukua kitu ambacho hakuna aliyekijua, hakuonekana tena. Meli iliinuka mkia, na pale ubavuni ambapo rangi ilibanduka, Babu aliona weupe wake wa zamani kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kisha ikaenda chini na watu wake wote wa chini. Hakuniambia kwamba wale waliogonga ni akina nani. Hakuniambia kwa sababu hakujua, na nikiwa mtu mzima nimeelewa kwamba kutojua huko ndiko alikoishi nako, akila, akilima, akilea mtoto wa mdogo wake.

Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na sheria za Bibi kichwani. Nililifikiria jambo hilo kwa miezi, nikienda shule na kurudi. Mgeni hupiga hodi. Kuligongwa bila hodi. Anayegonga bila hodi ni wetu. Na mtu wetu kwenye meli ile alikuwa mmoja tu. Sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo, na sikujali habari ya chuma na sauti, maana niliona hayo ni maneno ya mtu mkubwa anayejitetea. Kilichonishangaza ni kwamba Babu, aliyefundishwa adabu kuliko watu wote, alisikia mtu wa nyumbani akigonga na hakumfungulia.

Mwezi wa kumi na moja, Siku ya Marehemu Wote, tulikwenda kusafisha makaburi. Ilikuwa asubuhi, kabla ya misa. Babu alikuwa upande wa mbali anafyeka nyasi kwenye makaburi ya wazazi wake. Bibi na mimi tulikuwa kwa Babu Kasiani. Bibi alipalilia, akapanga mawe, akaniambia nipige magoti nimwombee babu yangu, Mungu ampe pumziko la milele. Nikapiga magoti. Badala ya kuomba nikauliza.

"Bibi, kwa nini Babu hakumfungulia?"

"Nani?"

"Babu Kasiani. Alipogonga kule melini. Babu alifunga mlango, Babu Kasiani akagonga, hakumfungulia."

Bibi alibaki ameinama na jiwe mkononi. Aliliweka chini taratibu. Hakujua lolote kuhusu mlango. Miaka yote hiyo alichokuwa anajua ni kwamba meli ilizama na mumewe akiwa ndani, basi.

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Babu."

"Babu yako kasema kwa mdomo wake kwamba aliyegonga ni Kasiani?"

Hapo ndipo pa kusema hapana. Nilikuwa na nafasi nzima, na nilijua tofauti, kwa sababu swali lake lilinifanya nirudie maneno ya Babu kichwani, nikaona jina halimo. Lakini Bibi alikuwa ameshavunja fimbo ya mwarita na kuipukuta majani, na kwetu kumsingizia marehemu uongo kulikuwa na adhabu yake. Niliangalia ile fimbo.

"Ndiyo," nilisema. "Kasema yeye."

Bibi alikwenda mpaka alipo Babu, na fimbo bado mkononi. Walikuwa mbali, sikusikia. Nilimwona Babu akisimamisha fyekeo. Bibi aliongea kidogo na kuninyooshea ile fimbo. Babu alinitazama kwa muda mrefu, mimi nikiwa bado nimepiga magoti, kisha akasema kitu kifupi. Bibi aliitupa fimbo kwenye nyasi. Akapita karibu yangu bila kuniona, akaenda nyumbani, na misa hakwenda. Sikuchapwa. Nilishukuru moyoni, nikadhani yamekwisha.

Jioni ile Bibi alihamisha mkeka wake, akaja kulala jikoni na mimi. Alipika kama kawaida. Alimpakulia Babu vizuri, nyama kama ipo, mboga ya kutosha, akanipa mimi nimpelekee. Hakumtukana, hakumsema kwa majirani. Hakumsemesha tu. Babu alikuja toka shambani, akasimama nje, akaita hodi. Bibi alikuwa ndani anapepeta. Akaendelea kupepeta. Babu akaita mara ya pili. Nikangoja, nikiangalia mikono ya Bibi, kisha nikasema mimi, "Karibu." Kuanzia siku hiyo ikawa kazi yangu, na siku nilizochelewa shuleni nilimkuta amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nje, ananingoja.

Niliogopa sana miezi ile. Kila asubuhi niliapa kwamba leo nitasema, na kila jioni niliona imechelewa zaidi. Mama alipokuja likizo akauliza kuna nini, wote watatu tukasema hakuna kitu. Msimu wa tumbaku uliofuata nilimwuliza Babu kama Bibi amekasirika.

"Bibi yako ana haki yake," alisema.

"Na meli? Hunisimulii tena."

"Ile imeshazama, Gete. Tufunge tumbaku."

Tulipomaliza, nilikwenda kusimama kwenye mlango wa bani kama kawaida. Babu akaniondoa kwa mkono, akaufunga mwenyewe, akaupigia kigingi. Sijui maana yake. Nimesikia watu wakieleza mambo ya namna hii kwa uhakika mkubwa, lakini mimi sina uhakika na sitaki kujifanya ninao.

Waliishi hivyo miaka minne. Kifua cha Babu kilikuwa kimekwisha kwa moshi, na alipolala kitandani Bibi alimuuguza kwa uaminifu wote, uji, maji ya moto, kumgeuza, bila neno. Nilikuwa sekondari siku alipofariki, nikaitwa na mwalimu wa zamu. Msibani Bibi alikaa kwenye mkeka kama mke anavyokaa. Wanawake walisema amelia kidogo kwa mume wa miaka mingi hivyo. Nilikaa karibu naye, na uongo wangu ulikuwa kati yetu, na nikanyamaza tena, safari hii bila fimbo yoyote ya kuogopa.

Miaka mingi baadaye Bibi alikuja kukaa kwangu hapa mjini, macho yakiwa yamekufa, akili ikiwa kali vilevile. Nilikuwa na watoto wakubwa. Asubuhi moja nikimnywesha togwa, alisema amemwota Longino. Nikaweka kikombe chini.

"Bibi," nilisema, "Babu hakusema kwamba ni Babu Kasiani. Alisema kuligongwa, basi. Jina niliweka mimi."

Alimeza togwa iliyokuwa mdomoni. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama niliweka jina kwa makusudi. Nikamweleza ile hesabu yangu ya hodi. Nikamweleza fimbo.

"Nilimwambia Longino siku ile," alisema Bibi. "Nikamwambia, mtoto anasema Kasiani aligonga ukamwacha. Kama ni uongo, namchapa sasa hivi hapa hapa juu ya kaburi, asirudie kucheza na marehemu. Akakutazama. Akasema, usimchape, ndivyo ilivyokuwa."

Pengine Babu alijua siku zote mkono uliokuwa ukigonga ni wa nani, akaona siku ya kukiri imefika. Pengine hakujua kitu, akauchukua mzigo ili mimi nisichapwe, akijua Bibi atamfanya nini. Hakuna aliyebaki wa kuniambia, na yote mawili ninayabeba.

Bibi alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaushika.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekuchapa vitatu. Vitatu tu, Gete, halafu tungekwenda kula."